Bahasha Nyembamba

Februari, Connecticut. Theluji imeziba mlango wa kitivo,
na Bernadette Kowalczyk, karani wa udahili,
analamba gundi ya bahasha ya mia tatu na kumi.

Nene ni karibu. Nyembamba ni tunasikitika.
Miaka ishirini na sita, vidole vyake vimekuwa mizani.

Ghorofani jopo linabishana. Profesa Thorne
asema insha ya kijana wa Butte ina jazba kuliko hoja;
Profesa Adelstein asema hata sheria ilianza
kwa mtu kulia mbele ya watu.
Wanapiga kura. Chai imepoa. Imepungua kura moja.

Ukutani wakuu wa zamani, masharubu matupu,
wanatazama kama watu waliokwisha kula.

Mwaka ule faili la mwanawe, Casimir, liliposhuka,
hakuuliza kitu.
Alikunja karatasi moja mara tatu,
akaipeleka posta mwenyewe, kwa miguu,
kisha akarudi nyumbani, akabandika supu ya viazi,
na siku mbili nzima
akamngoja tarishi
pamoja na mwanawe, dirishani,
kama mtu asiyejua.