Mshono

Miaka kumi na moja niliuza mitumba Memorial,
najua rangi inavyosema uongo.
Blauzi ikiwaka mno naigeuza ndani nje,
natafuta mshono.

Sasa nina chumba Pasua, mabati sita,
mabenchi mawili, mashine moja ya gemu,
mechi mia tano, anayefungwa anapisha,
na runinga iliyokufa Jumanne
katikati ya penalti.

Kikoba kikanikopesha laki sita na nusu.
Nikamchukua Kundaeli wa darasa la saba,
yule ambaye kila akifungwa husema,
"Mama Nakunda, si mimi. Ni tivii. Inachelewa."
Wenzake humzomea. Mie humwambia alipe.
Lakini siku ya kununua nikawaza:
anayelia kila siku ndiye anayejua panapouma.

Tukaifunga mashine kwa kanga
kama mtoto wa kliniki,
tukashuka nayo mjini.

Dukani ukuta mzima unawaka.
Kasuku. Tone la mvua juu ya jani. Embe linakatwa
polepole, hadi mate yakanijaa.
Kijana wa duka, shati kachomekea, anasema,
"Hii, mama, nyeusi yake ni nyeusi kweli,
ukionyeshwa usiku humu utatafuta tochi."
Nilipendezwa, sikatai.
Nyasi za uwanja ule! Niliona umande.
Niliona jasho shingoni mwa kipa.

Kundaeli hakutazama picha.
Akashika pedi, akabana midomo,
akabonyeza.
Ta. Halafu, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni,
mchezaji akapiga.
Ta. Halafu.
"Umeona?" Sikuona.
"Bonyeza wewe."
Nikabonyeza, kwa gumba hili la kuhesabia noti,
na pale kati ya kidole na mguu
nikaukuta uwazi mwembamba,
sindano ingepita.
Uzi umelegea.

"Ni kitu kidogo mno," akasema kijana,
"sehemu ya kumi ya sekunde. Nani ataihisi?"
Nikamwuliza kama amewahi kudai mia tano
kwa mtoto mwenye uchungu.

Akaingia kwenye mipangilio, akawasha hali ya mchezo.
Mguu ukaharakisha, ila si sana.
Umande ukakauka wote.

Chini, pembeni, karibu na pasi na majagi ya umeme,
kulikuwa na nyingine, fremu nene,
nyeusi yake ni jivu la jana,
ukiitazama kwa upande watu wanageuka samawati.
Kundaeli akabonyeza.
Tapa.
Hapakuwa na kati.

Nikatoka mlangoni nifikiri.
Mlima ulikuwa umejifunua wote, hadi theluji,
picha isiyouzwa duka lolote;
lakini nao ukiuita asubuhi huitika jioni,
wageni wameshalipa, wameshaondoka.
Uzuri wa namna ile una ruhusa ya kuchelewa.
Mia tano haina.

Nikanunua lile jivu. Ikabaki chenji ya soketi.

Ijumaa chumba kikajaa, kikalalamika:
nyasi gani hizi, mbona kama Same wakati wa kiangazi?
Nikasema kaeni, chezeni.
Mechi ya nne hakuna aliyetaja nyasi.

Kundaeli akacheza wa mwisho.
Akafungwa tatu bila.
Benchi zima likamgeukia, likisubiri neno lake.
Akafungua mdomo. Akaitazama runinga,
ambayo haikuchelewa hata kidogo.
Akaufunga.
Kisha akakiinua kidole gumba karibu na taa,
akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma,
kama mtu anayetafuta mshono.