Rangi ya Kucha

Bolti ya sampu inazunguka.
Kulia inazunguka, kushoto inazunguka,
haipandi, haishuki,
kama mtu aliyeulizwa swali asilotaka kulijibu.
Nimelala chali juu ya boksi la friji,
Punta Arenas, mwezi wa saba,
saa kumi na mbili jioni na giza limeshatulia.
Upepo unapekua bati la gereji
kama anayetafuta risiti.

Shemeji yangu Fermín ameshika tochi.
Anamulika anapotazama yeye,
si ninapofanya kazi mimi.
"Ni yule kijana," anasema, "Ciro, wa kina Oyarzún.
Vijana wa leo wana mashine za upepo, hawana mikono."
Mimi kimya.
Tone la oili limenidondokea kwenye kola.

Kimya, kwa sababu najua.
Mwezi wa tatu niliona doa sakafuni,
dogo, upana wa kifungo cha shati.
Nikatwaa spana ndefu,
nikachomeka bomba la maji kwenye mpini
nipate nguvu za wanaume wawili,
nikakaza.
Asubuhi doa lipo.
Nikakaza tena.
Bolti ni ya chuma, sampu ni ya alumini,
na mkono wangu ulikuwa wa hofu.
Kitu kililia *krii*, kisha kikalainika ghafla,
laini kama kisu kinachoingia kwenye siagi,
nami nikajiambia: haya, sasa imekaa.

(Doa lilitoka kwenye kichujio.
Kichujio tu, kilitaka robo mzunguko.)

Ciro akaja kwa baiskeli, pua nyekundu,
vifaa ndani ya begi la shule.
"Nani aliikaza hivi?"
"Wewe," Fermín akamjibu.
Kijana akatazama chini, akavua glavu.
Kamba hukatikia pembamba.
Mimi niliyekuwa mnene nikashika koleo.

"Bi Eduvina, ingiza bisibisi chini ya kichwa chake,
egemea polepole, kama unayeng'oa jino la mtoto.
Mimi nitazungusha."
Tukaegemea, tukazungusha.
Ikatoka na nywele za alumini katikati ya hesi zake,
na oili ikafuata, nyeusi, vuguvugu,
ikaimba ndani ya karai.

Fermín alipokwenda kuchemsha maji ya mate,
Ciro akapaka tapi grisi ili ishike vumbi la chuma:
nusu mbele, robo nyuma,
nusu mbele, robo nyuma,
anafuta, anachungulia, anaanza upya,
hesi mpya zikichongwa pale za zamani zilipokufa.
Bolti nene zaidi kidogo. Washa ya shaba.
Akakaza.
Halafu akaacha.

Nilisubiri aendelee. Akaacha kweli,
akapangusa spana.
Miaka hamsini na minne, na hilo sikuwahi kulijua.

"Ni mimi," nikasema.
"Najua."
Akaokota ile bolti mbovu, akaigeuza kwenye mwanga.
Kichwani palikuwa na nukta ya waridi.
"Kila gari ninalofunga naweka rangi ya kucha ya dada yangu,
nukta kwenye bolti, nukta kwenye sampu, zitazamane.
Zako zilikuwa zimepeana visogo."
"Mbona hukusema?"
Akainua mabega.
"Mwenye tochi alikuwa ameshaamua."

Sikuwa na jibu. Nikamlipa, akahesabu,
akarudisha noti iliyozidi, akaenda zake,
taa ya baiskeli ikiyumba kuelekea mlangobahari.

Nilinawa mara mbili kwa sabuni ya unga.
Weusi ukabaki kwenye mistari ya viganja.
Jikoni birika lilikuwa linapiga mluzi.
"Je," Fermín akauliza, "kijana amekiri?"

Nikavuta kiti.
"Fermín, lile bomba la maji nyuma ya mlango,
kalitupe.
Kisha rudi ukae,
nikwambie lilikuwa la nini."