Sufuria ya Wilondja

Wao walipiga kura Jumanne, sisi tumelala.
Jumatano, soko la Makere halijachangamka,
redio ya Ntahondi, fundi baiskeli,
ilikuwa ikihesabu majimbo
kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

Kila mtu alikuwa na lake.
Ntahondi alisema urais wa kule ni mvua:
inanyesha kwao, matope yanatufikia sisi.
Mwalimu Kigwinya alichora ramani
kwa unga wa muhogo juu ya meza yangu,
unga wangu, wa kuuza,
akaeleza jinsi mwenye kura nyingi
kule anavyoweza kushindwa.
Tukacheka mpaka Zuhura akamwaga mawese.
“Yule ananijua?” akauliza akipangusa.
“Basi nami simjui.”

Mimi nilikuwa nakusanya ramani kwa kiganja,
nairudisha kwenye debe.
Nikasema: hainihusu.
Maharage yangu hayapandi ndege.
Nilisema hivyo. Sitaki kukana.

Wilondja alikuwepo. Hakusema kitu.

Mtu wa Fizi, alivuka ziwa mgongoni mwa mama yake,
sasa ana watoto wanne, wote wa Nyarugusu.
Walishapimwa damu, kifua, macho.
Walishakaa semina ya siku tatu,
wakaonyeshwa theluji kwa picha
na namna ya kuzima jiko lisilo na moto.
Mji wao ulikuwa na jina. Mkewe, Echa, alilitamka
kama mwenye pipi mdomoni asiyetaka iishe.

Ndege ni mwisho wa Januari. Basi wakagawa.
Godoro kwa kina Alimasi.
Majembe mawili kwa mchungaji.
Sufuria kubwa, ya kupikia msiba,
yenye kovu la kuchomelewa kwenye mkono mmoja,
niliinunua mimi. Elfu nne.
Nilijua thamani yake.
Nilijua pia kwamba anayeondoka
habishanii bei.

Januari ikafika, aliyeshinda akaapa,
kalamu ikapita juu ya karatasi.
Basi jeupe halikuja.
Kwenye ubao wa kambi majina yao yalibaki,
na juu yake neno moja la wino: imesitishwa.
Mvua ikalichuja, wino ukashukia majina.

Sokoni tukaanza upya.
“Mwenye nyumba ana haki na komeo lake,” Zuhura alisema.
Ntahondi akasema dunia haina huruma,
taifa kubwa namna ile, linaogopa watoto wanne!
Ndipo kijana mmoja muuza vocha akauliza,
bila hata kuinua macho kwenye simu yake:
“Na sisi? Kila mwaka si tunawaambia warudi kwao?”
Redio ikazimika.
Betri, Ntahondi alisema.

Msiniletee ile ya tembo na nyasi.
Nyasi haigawi vyombo vyake
kabla tembo hawajapigana.

Alhamisi Wilondja alikuja mezani kwangu.
Aliuliza bei ya maharage.
Akauliza bei ya chumvi, ambayo siuzi.
Macho yake yalikuwa nyuma yangu, jikoni,
pale ilipokuwa inachemka.
“Inapika vizuri?”
“Inapika.”
Akasema Echa anapikia kwenye kopo la mafuta,
ugali unatoka na maandishi.
Akacheka yeye. Mimi nilitafuta mwiko.

Nikamimina maharage mabichi nusu kwenye beseni,
maji ya moto yakanirukia miguuni.
Nikamwambia chukua.
Hakuwa na kitambaa cha kushikia.
Alivua koti alilokuwa amelining'iniza begani,
koti nene la mtumba, lenye manyoya shingoni,
alilolinunua Kasulu kwa ajili ya ule mji,
akaufunga mkono mmoja wa koti kwenye kovu,
wa pili upande wa pili,
akainua,
akaenda hivyo barabara nzima ya vumbi,
kama amemkumbatia mtu mnene.

Kabla ya hapo aliweka noti mezani.
Elfu nne, zimekunjwa mara nne.
Nilizipokea.
Hilo pia sitaki kulikana.