Hosteli ya Mtopanga

Jumamosi tulijaa, ukumbi wa Mtopanga,
Feni moja yazubaa, nyingine juu yagonga;
Chifu, kofia kavaa: "Wakimbizi watapanga
Hosteli iliyokaa, tupu tangu kuifunga."

Mwarora akasimama, wa yadi ile ya mbao:
"Kisima chetu chakoma, tutagawana na wao?
Watoto hawatasoma, madawati yawe yao?
Wahojiwe, kisha nyuma, wapandishwe basi, kwao!"

Makofi yakaitika, nami nikapiga pia;
Maji kwetu yakifika, usiku, nayavizia.
Mara simu ikawaka, mfukoni ikalia;
Sauti akaiweka, kubwa, bila kusudia.

"Baba, ni Mbwana, sikiza, niko huku hotelini,
Huko nje watufukuza, mabango barabarani;
Mwaka, hawajamaliza, faili langu mezani,
Wasema tutawajaza, shuleni, zahanatini."

Ukumbi ukatulia, feni tu ndiyo yagonga;
Mwarora kainamia, simu, kama aichunga.
"Umekula?" amwambia, "usiku mlango funga."
Kura chifu kaitia, mikono ikajivunga.

Wiki ya pili napita: mkokoteni wa mbao
Hostelini wajikita, vitanda vya wangojao.
Kama pesa alipata, hilo lake yeye nao;
Maji bado twayavuta, usiku, mimi na wao.