Laki Tatu na Themanini

Geti lilikuwepo. Hilo sitamsingizia.
La bluu kama kwenye picha, namba kumi na nne kwa rangi nyeupe,
kule Rau, ukishapita mashine ya kusaga.
Nyumba ndiyo haikuwepo.
Nyuma ya geti yalisimama mahindi, yamefika magotini,
na mbuzi mmoja, kafungwa kamba kwenye mpapai,
akatutazama kama mwenyeji aliyechoshwa na wageni.

Mama akatua begi, akachungulia, akasema,
"Basi mwaka huu tumekodi mahindi."
Watoto wakacheka.
Mimi nilikuwa nahesabu:
vidumu kumi na tisa vya mafuta ya alizeti,
kila kimoja elfu ishirini,
vimetoka Singida vikaingia kwenye simu ya mtu
aitwaye Kundaeli, mwakilishi wa mwenye nyumba,
aliyeniandikia: karibu sana dada, maji ya moto yapo,
na ukiamka tu, mlima huo dirishani.

Tukalala gesti, karibu na stendi,
watu watano, vitanda viwili.
Siku zote tatu mlima nao haukujitokeza.

Kisha ikaja kazi ya kudai.
Huduma kwa wateja: muziki, muziki,
halafu binti mpole, ombi lako linashughulikiwa.
Siku ya nne wakaniambia pesa ilishatolewa kwa wakala
dakika sita baada ya mimi kutuma.
Dakika sita!
Alizeti ile niliifukuzia ndege miezi miwili.

Kituoni, askari aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri.
"Huyo mtu ulimwona kwa macho?"
Nikasema niliona veranda.
"Veranda hatuwezi kuikamata, dada."

Lakini laini ilikuwa na jina, na jina halikuwa la Kundaeli.
Ndeshukurwa, miaka sitini na mmoja, muuza ndizi, Kiborloni.
Alikuja na ngata bado kichwani.
Hakulia. Alisoma karatasi, kidole kikifuata herufi moja moja,
akasema, "Jina ni langu. Na kidole nilichobonyeza ni changu.
Aliniambia ni laini ya kupokelea hela za kikundi."
Na mwenyewe yuko wapi?
"Labda Mererani. Labda kavuka mpaka.
Mkimpata mwambieni nimebadilisha kufuli."
Akafika mlangoni, akageuka.
"Mwambieni ufunguo uko palepale."

Tangu hapo, kila Jumamosi jioni, simu inalia.
Elfu tano.
Elfu tano.
Wiki ya mvua kubwa, elfu mbili na mia tano.
Wiki moja haikuja hela, ulikuja ujumbe:
ndizi zimeivia njiani, nivumilie.
Naandika kwenye daftari la mwanangu la hesabu,
kurasa za nyuma, alikoacha kugawanya.

Ilipobaki laki moja na sitini na tano nikampigia.
Nikasema, "Mama, inatosha."
Nikasikia soko: mtu anataja bei, mtu anaikataa.
Nikadhani simu imekatika.
"Inatosha kwa nani?" akauliza.
"Wewe ukinisamehe, unalala.
Mimi bado nitapita mbele ya kile kituo na jina langu limo ndani.
Acha nimalize, nikalichukue."
Kisha akaniuliza alizeti mwaka huu zimekubali,
na tukazungumza habari za ndege,
kama watu waliokutana kwa heri.

Jumamosi iliyofuata: elfu saba.
Nimeandika. Imebaki laki moja na hamsini na nane.
Kundaeli hajaonekana, au kaonekana na mimi sikuambiwa;
sijauliza kama ufunguo umeguswa.

Mama yangu, akipakua ugali,
anataka kujua kama yale mahindi yetu ya Rau
yameshakomaa.
Nimemwambia bado.