Chaguo la Tatu

Mwezi wa saba ukungu wa Mafinga haupigi hodi,
unaingia dukani na wateja, unakaa juu ya mashine ya fotokopi.
Mimi ndiye ninayewajazia fomu.
Nywila zao zote ninazo kwenye daftari la kaunta,
majina ya mama zao, namba zao za mtihani,
na kile wanachotaka kuwa, shilingi elfu mbili kwa ukurasa.

Enelisa Kihwele aliingia na baba yake kutoka Ihalimba,
mzee na mabuti ya mvua, kofia mkononi
kana kwamba kompyuta ni padri.
Matokeo yalikunjwa mara nne ndani ya kitabu cha Baiolojia:
Baiolojia A. Kemia B. Fizikia C.
Ile C niliitazama kuliko ilivyostahili.

Yangu ilikuwa E.
Swali la lenzi, mwaka ule, na saa ya ukutani.
Cheti nimekivisha plastiki, kipo nyuma ya kalenda,
na kila anayekuja kuomba udaktari
ninamsaidia huku nimekipa mgongo.

"Chaguo la kwanza?"
Udaktari wa Tiba, Dar.
"La pili?"
Udaktari wa Tiba, Dodoma.
Nikatoa mikono kwenye kibodi.
"Binti, kuna wenye A tatu wanaogombea mlango huo huo.
La tatu weka uuguzi. Weka maabara.
Weka kitu kisicho na maringo."
Akaangalia skrini, siyo mimi.
"Udaktari wa Tiba, Mbeya.
Nikikosa, nikose nilichokitaka."

Mzee alikuwa na hesabu nyingine.
"Miaka mingapi?"
Mitano, nikamwambia, na mmoja wa mazoezi hospitalini.
Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.
"Paina zangu nilizipanda mwaka aliozaliwa.
Bado miaka sita zinenepe."
Kisha kimya, kile cha mtu
anayepatana bei na nafsi yake.

Mfumo ukadai namba ya simu.
Binti hana. Ya mzee ilizimika tangu Jumapili.
Nikaandika yangu.
Nikabonyeza Wasilisha, na lile duara likazunguka,
likazunguka,
umeme ukitutania, taa zikipepesa,
mpaka likaja neno moja la kijani.

Wiki nne nililala na simu chini ya mto
kama mwenye mgonjwa wodini.
Mke wangu akauliza unamsubiri nani.
Nikasema ni chuo. Hakuamini.

Ujumbe uliingia saa nane usiku, mbwa wakibweka:
amechaguliwa, Mbeya,
athibitishe kwa tarakimu hizi sita.

Alfajiri nikapanda bodaboda, makoti mawili, meno yakigongana.
Harufu ilinifikia kabla sijaiona nyumba: utomvu mbichi.
Shamba zima limelala chini.
Visiki vyeupe, vinalia yale machozi mazito yanayoganda,
na mbao nyembamba, nyembamba mno,
zimepangwa kusubiri lori.
Mzee alikuwa ameuza
kabla hajajua.

Enelisa anahesabu mbao, chaki sikioni.
Nikamsomea tarakimu. Hakuziandika.
Alizirudia mara moja, polepole,
kama mtu anayetaja mifupa ya kiganja,
kisha akaniomba simu,
na kwa vidole vyenye vumbi la msumeno
akathibitisha mwenyewe.

Baba yake akaja akijifuta shingo.
Hakuuliza chuo gani.
"Ule mwaka wa sita," akasema, "ule wa mazoezi.
Nao nitauza nini?"

Huo wa sita, mzee, wanamlipa yeye.

Akaketi juu ya kisiki, taratibu,
na suruali yake ikanata palepale.