Haki ya Kurudia

Kila Machi, theluji ikianza kuoza kandokando ya barabara za Marquette,
Kituo cha Sita hunitoa kabatini
na kunikosesha upya.

Nina miaka ishirini na moja, nywele tele,
kaptura fupi ya kuaibisha.
Zimebaki sekunde mbili. Dunmore sabini na moja, sisi sabini.
Nina mtupo mmoja huru, na wa pili nikifunga wa kwanza.
Mpira unazunguka rimu, unazunguka tena,
unachungulia ndani kama mgeni asiye na hakika ya nyumba,
kisha unatoka.

Maji yakimwagika hayazoleki,
isipokuwa kwenye televisheni:
huko huzolewa kila mwaka, yakarudishwa mtungini,
yakamwagwa tena, kati ya matangazo ya matairi.

Mtangazaji yuko kaburini mwaka wa kumi na mbili huu
na bado anapaza sauti, "Lahtinen! Ah, Lahtinen!"
Kesho yake nikienda kununua misumari
muuza duka hunambia, nilikuona jana.

Senti sijapata.
Karatasi niliitia sahihi nikiwa na miaka kumi na minane,
juu ya boneti ya gari la kocha,
upepo ukiivuta, wino ukiganda.
Sikuisoma. Waliniahidi viatu.

Mama ana miaka tisini na moja, chumba namba kumi na nne,
nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa.
Kwake mchezo ule hauna mwaka.
Hukaa mbele ya kioo, leso mdomoni,
humwambia Rosalba muuguzi, "Leo utaingia."
Hauingii.
Hunyamaza kidogo, halafu huomba kahawa.

Mwaka huu, saa ileile, Kituo cha Sita
kikaonyesha mashindano ya kuoka keki.

Nikapiga simu. Mkataba umekwisha, wakasema.
Chuo kimeuza michezo yake yote ya kale
kwa kampuni ya Chicago, robota zima, kama mitumba.

Chicago akapokea kijana mpole, Haskell Boyle.
Bei ni kwa dakika, akanieleza.
Na ukumbi wa wazee ni hadhira, bwana:
wazee thelathini na mmoja,
ongeza wauguzi wa zamu ya usiku.
Nikamuuliza, je, nikitaka sekunde moja tu,
ile ambayo mkono wangu uko juu na mpira haujafika?
Akaenda kumuuliza mkubwa wake.
Aliporudi akasema, hawakati vipande vidogo hivyo.

Miaka yote hii nimeomba mkanda ule uungue.
Sasa nimesimama jikoni, simu sikioni,
naulizia bei ya aibu yangu mwenyewe,
na siimudu.

Jumamosi nikazima keki.
Nikakunja soksi za Mama za sufu zikawa mpira,
ndoo ya taka nikaipandisha juu ya kabati,
nikasimama mbele ya kioo cheusi
na kuutangaza mchezo, tangu mruko wa kwanza.
Rosalba alipiga sinia, akawa watu elfu nne.
Namba arobaini na nne wa Dunmore nilimcheza mimi,
viwiko vyake na matusi yake.
Goti likalia. Nikaendelea.

Nilipofika kwenye mstari, nikadanganya.
"Umeingia, Mama! Umeingia!"

Akanitazama anavyotazama noti bandia.
"Arvo," akasema, "ulitoka.
Uligonga chuma, upande wa kushoto.
Nilikuwa safu ya nne, na mvua ya theluji kwenye koti.
Useme sawasawa, au ukae."

Kumbe.

Basi nikarudia. Nikarusha soksi
zikagonga ukingo wa ndoo, kushoto,
zikadondoka kitandani kwake.
Akazishika, akazikunjua, akazivaa moja moja.
"Kahawa," akasema.

Rosalba alikwenda kufunga mlango kwanza,
maana hatukuwa na kibali.